Kura ya Mwenye Bunduki

Jioni moja hapa Kinindo, mtaa tulivu ulio kusini mwa jiji la Bujumbura baina ya Musaga na Ziwa Tanganyika, nilikuwa nimeketi nje ya nyumba yangu nikisikiliza redio. Koplo mmoja wa polisi, kijana tunayefahamiana naye, alisimama kunisalimu kabla ya kuingia zamu. Redio ilikuwa ikieleza habari za uchaguzi wa Marekani. Akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza: "Mzee, hao Wamarekani wanaosifiwa kila siku, mbona wengi wao hawaendi kupiga kura? Sisi hujipanga kabla jua halijachomoza. Ikiwa kura ndiyo demokrasia, basi sisi tumewaacha mbali."

Nilicheka, naye akacheka, akaenda zake kazini. Lakini swali lake halikuniacha, na naona yafaa nilijibu mbele ya wenzake wote, wa jeshi na wa polisi, kwa maana linawahusu wao kuliko linavyomhusu mzee kama mimi.

Kwa hesabu, koplo hakukosea. Katika uchaguzi wa Bunge la Marekani wa mwaka 2014, katika kila watu 100 wenye haki ya kupiga kura, waliokwenda hawakuzidi 37. Mwaka 2020, uchaguzi wa rais uliovuta watu wengi kuliko wowote kwa zaidi ya miaka 100, walikwenda kama watu 66 katika 100, na theluthi nzima ikabaki nyumbani. Sababu zake zinajulikana. Kwanza, katika majimbo mengi ni juu ya raia mwenyewe kwenda kujiandikisha. Asipofanya hivyo, hakuna atakayemfuata. Pili, siku ya kupiga kura iliwekwa na sheria ya mwaka 1845 kuwa Jumanne, nayo ni siku ya kazi. Mwenye kulipwa kwa saa hupima foleni ya kura dhidi ya ujira wake. Tena chaguzi zao ni nyingi mno, za rais, za magavana, za mahakimu, za halmashauri za shule, hata mtu huchoka. Na juu ya hayo, rais wao hachaguliwi moja kwa moja na umati, bali na wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo. Mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura nyingi za watu hakuingia Ikulu. Mkaaji wa jimbo ambalo chama kimoja kimelitawala miaka na miaka hujiuliza kura yake itabadili nini.

Nasi je? Tarehe 1 Juni 1993, Warundi 97 katika kila 100 walioandikishwa walipiga kura. Ni nchi chache mwaka ule zilizotufikia. Kwa kipimo cha koplo, siku ile tulikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani. Miezi mitano haikutimia, aliyechaguliwa alikuwa kaburini.

Hapo ndipo penye jibu la swali. Burundi haijapata kukosa wapigakura. Kilichokosekana, tena si mara moja, ni mlinzi wa kura baada ya kuhesabiwa.

Tuanze na mwanzo. Tarehe 18 Septemba 1961, kabla hata ya uhuru, chama cha UPRONA kilishinda viti 58 katika 64. Kiongozi wake, mwanamfalme Louis Rwagasore, akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba, wiki chache tu baadaye, alipigwa risasi akiwa katika mkahawa kando ya ziwa, nayo mahakama ikathibitisha kwamba waliopanga njama ile walikuwa wakuu wa chama kilichoshindwa. Mwaka 1965 tukachagua tena. UPRONA ilipata viti 21 katika 33, lakini Mwami Mwambutsa hakulifuata Bunge; alimweka mtu wake, Léopold Biha, kuwa waziri mkuu. Mwezi Oktoba mwaka uleule maofisa wa jeshi na wa jandarmeri wakajaribu kuipindua serikali. Walishindwa, wakauawa, na pamoja nao wakauawa wanasiasa wengi. Mwaka 1966 ufalme ulikwisha, chama kikabaki kimoja, na wananchi hawakuchagua wabunge tena mpaka 1982. Mwaka 1984 Kanali Bagaza alisimama peke yake, akapewa kura zaidi ya 99 katika 100. Foleni zilikuwa ndefu siku ile pia, koplo wangu. Ila mtu aliyepanga foleni hakwenda kuchagua, alikwenda kuthibitisha.

Narudi 1993, maana ndiyo inayouma. Katiba mpya ya Machi 1992 ilikuwa imeruhusu vyama vingi. Meja Pierre Buyoya, aliyekuwa ameshika nchi kwa mapinduzi ya Septemba 1987, alisimama kwa tiketi ya UPRONA, na Melchior Ndadaye kwa FRODEBU. Ndadaye alipata karibu kura 65 katika 100, na Buyoya karibu 33. Katika uchaguzi wa Bunge uliofuata mwezi uleule, FRODEBU ilichukua viti 65 katika 81. Hapa lazima tuwe waadilifu: Buyoya, mwanajeshi, alikubali kushindwa, na tarehe 10 Julai alikabidhi madaraka mbele ya watu. Wengi duniani walimpongeza, nami nilikuwa mmoja wao. (Kwamba mwaka 1996 alirudi kwa njia ileile ya mwanzo, hilo nalo ni la kukumbukwa, lakini si hadithi ya leo.)

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, askari wakiwa na magari ya deraya walilizingira kasri la rais katikati ya jiji. Ndadaye alichukuliwa, akapelekwa kambi ya Muha, si mbali na hapa ninapoandikia, na asubuhi ileile akauawa mikononi mwa askari walioapa kumlinda. Pamoja naye waliuawa spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Tazameni vizuri orodha hiyo. Rais akifa, katiba hutaja nani wa kushika nafasi yake. Waliofanya kazi ile walijua, na kwa hiyo waliwaua pia wale ambao katiba ingewataja. Hawakuua mtu tu, waliua utaratibu.

Mapinduzi yenyewe yalianguka baada ya siku chache, lakini kura zilikuwa zimekwisha kumwagika. Huko vilimani Watutsi wengi waliuawa kwa kisasi, na Wahutu wengi wakauawa katika ukandamizaji uliofuata. Vita vilidumu zaidi ya miaka 10, na hukadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa wamepanga foleni tarehe 1 Juni.

Sasa tuvuke bahari. Msidhani kwamba Marekani ilizaliwa na adabu ya kura. Tarehe 7 Machi 1965, katika mji wa Selma, jimbo la Alabama, watu weusi waliokuwa wakiandamana kudai haki ya kuandikishwa walifika kwenye daraja, wakawakuta polisi wa jimbo wamejipanga wakiwangoja. Walipigwa kwa marungu na mabomu ya machozi, na picha zikaonyeshwa nchi nzima usiku uleule. Mwezi Agosti mwaka huo sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa sahihi. Katika jimbo la Mississippi, ambako watu weusi walioandikishwa walikuwa kama 7 katika 100, walifika karibu 60 katika 100 kwa miaka miwili. Polisi wale wa darajani walikuwa na sare, walikuwa na amri, na walikuwa na mshahara wa serikali. Hakuna leo anayetaja kazi yao kwa fahari.

Miaka 56 baadaye, tarehe 6 Januari 2021, umati wa wafuasi wa rais aliyeshindwa ulivamia jengo la Bunge mjini Washington ili kuzuia hesabu ya mwisho ya kura za wajumbe. Waliosimama mlangoni walikuwa polisi. Wapatao 140 walijeruhiwa. Hawakuwa wengi vya kutosha, na milango ilivunjwa. Lakini waliwapatia wabunge dakika za kukimbilia mahali salama, na usiku uleule jengo likasafishwa, hesabu ikaendelea hadi alfajiri: kura 306 kwa 232. Siku sita baadaye wakuu wa majeshi yote ya Marekani waliwaandikia askari wao waraka mfupi, wakisema kwamba tarehe 20 Januari Joe Biden ndiye atakayekuwa amiri jeshi wao. Miongoni mwa askari waliousoma waraka ule, bila shaka wako wengi waliompigia kura mwingine. Waraka haukuwauliza walimpenda nani.

Kwa hiyo namjibu koplo hivi: theluthi ya Wamarekani hulala nyumbani siku ya kura, na hilo ni aibu yao, tena aibu kubwa kwa taifa linalowafundisha wengine. Lakini yule anayekwenda, huenda akijua kwamba karatasi yake haitafutwa na risasi. Sisi tumekwenda sote, na tumerudi sote tukisikilizia usiku.

Je, askari na apige kura? Liko wazo la zamani kwamba mwanajeshi wa kweli hajihusishi hata na sanduku. Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, hakupata kupiga kura maisha yake yote, akiona kwamba ndivyo heshima ya kazi yake inavyotaka. Namheshimu, ila simfuati. Askari ana watoto shuleni, ana mama anayelima kilimani, naye hununua mafuta na mchele kwa bei ileile tunayonunulia sisi. Marekani yenyewe ilibadili katiba yake mwaka 1971 ili kijana wa miaka 18 apige kura, kwa kuwa ilikuwa ikimpeleka Vietnam akafe huku ikimwambia asubiri miaka 21 kuchagua. Jirani zetu Watanzania waliliweka sawa zaidi: katika siku za chama kimoja askari wao walikuwa wanachama, lakini vyama vingi viliporudi mwaka 1992 walitoka, na katiba yao inamkataza askari kujiunga na chama huku ikimwachia haki yake ya kura.

Na sisi tunayo maandishi. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya 2005 iliyozaliwa nayo, yaliweka kwamba askari wa jeshi na wa polisi asiwe mwanachama wa chama, asionyeshe kazini upande anaoupenda, asikipendelee wala asikidhuru chama halali. Yaliweka pia kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi wala nusu ya polisi. Nimewasikia watu wakilidharau sharti hili la mwisho kama hesabu za wanasiasa. Mimi naona ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote. Kambi ambamo mtoto wa aliyeuawa mwaka 1972 hulala kitanda cha jirani na mtoto wa aliyeuawa mwaka 1993 ni kambi ambayo si rahisi kuigeuza kuwa mali ya chama.

Si rahisi, sikusema haiwezekani. Aprili 2015, muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza ulipotangazwa, vijana wa Musaga, hapa jirani yetu, waliingia barabarani, wakakabiliana na polisi, na watu wakafa. Katika majuma yale ya kwanza wanajeshi walionekana wakisimama katikati, baina ya polisi na waandamanaji, na watu wakawapigia makofi. Tarehe 13 Mei Jenerali Niyombare akatangaza mapinduzi. Askari wakapigana na askari hapa jijini kwa siku mbili, na jaribio likashindwa. Baada ya hapo hakuna aliyesimama katikati tena. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Wanaosema kosa lilikuwa la polisi peke yao, na wanaosema lilikuwa la waasi peke yao, wote nawaomba wakumbuke yale majuma machache ya mwanzo, ambapo sare moja ilitosha kuwatuliza watu wa pande mbili.

Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025, chama cha CNDD-FDD kilichukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura katika Bunge, na vyama vilivyoshindwa vililalamika. Simwombi askari aamue nani ana haki katika malalamiko hayo. Kazi hiyo ni ya tume na ya mahakama. Ninalosema ni kwamba pale ambapo bungeni hamna sauti ya pili, mwananchi wa upande ulioshindwa humtazama polisi wa njia panda kwa jicho kali zaidi. Akiombwa kitambulisho kwa adabu, huenda nyumbani akisema serikali ni yetu sote. Akiulizwa kwanza ni wa chama gani, hatasahau.

Uchaguzi wa rais umepangwa mwaka 2027. Juzi koplo alipita tena, nikamweleza haya kwa ufupi. Alinyamaza kitambo, akirekebisha mkanda wa bunduki begani, kisha akaniuliza kama mtu wa zamu ya usiku anaweza kwenda kupiga kura asubuhi akiwa bado na silaha, au airudishe kwanza ghalani. Nikamwambia airudishe kwanza.