Mjane baada ya matanga

Jumuiya ndogondogo zetu ni hodari kwenye misiba: tunachanga, tunapika, tunasali rozari. Matanga yakishaanuliwa, mashemeji wanakuja kumtoa mjane shambani, nasi tunanyamaza; eti mambo ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea hakimu peke yake, tena na tena. Wa jumuiya yako asiende peke yake. Jumamosi hii chagueni wawili wa kumsindikiza kwenye baraza la ardhi la kijiji. Kama cheti cha ndoa kimepotea, daftari la ndoa lipo parokiani.