Wastani wa kompyuta hautoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jinsi tunavyopimiwa wepesi wa kompyuta zinazoendesha mitambo.

Kompyuta ya namna hiyo hufanya kazi nyingi kwa zamu. Ikitokea kazi ya dharura, iliyopo husimamishwa ili ya dharura ipite. Muda unaopotea katika kupokezana huko ndio unaopimwa, na mara nyingi tunatajiwa wastani wake. Mimi nafundisha wastani darasani, lakini hapa naupinga. Tuseme kompyuta imebadili kazi mara 1,000. Mara 999 imetumia mikrosekunde 5, yaani sehemu tano za milioni za sekunde, na mara moja tu imetumia 20,000. Wastani utakuwa karibu 25, unapendeza kabisa! Lakini mfuko wa hewa wa gari hutakiwa kujaa kabla hazijapita mikrosekunde 50,000 tangu gari ligonge. Ile mara moja ikiangukia hapo, dereva atafaidika nini na wastani?

Mwaka 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kikiwa kwenye sayari ya Mirihi, kompyuta yake ilikuwa ikijizima na kuanza upya. Kazi ndogo ya hali ya hewa ilikuwa imeshikilia kitu kilichohitajiwa na kazi kubwa, halafu kazi ya kati ikaizuia ile ndogo isimalize. Dalili zilishaonekana katika majaribio kabla ya safari, ila kwa nadra mno. Nacho kilikuwa na prosesa moja tu.

Prosesa zikiwa nyingi mambo huzidi. Kazi ikihamishwa kwenda prosesa nyingine huacha nyuma data iliyokuwa karibu nayo, na zote hugombea kumbukumbu ile ile. Hata saa zao zaweza kupishana: ukianza kupima kwa saa hii na kumalizia kwa ile, jibu ni la uongo. Kupima kompyuta ikiwa imepumzika ni kama kujaribu basi bila abiria.

Vipimo vipo. Linux, iliyoingiza rasmi mpango wake wa kazi za dharura mwaka 2024, inacho kiitwacho cyclictest, nacho ni cha bure. Hutaja ucheleweshaji mdogo kabisa, wa wastani na mkubwa kabisa.

Naziomba idara zinazonunua mitambo ya hospitali na viwanda ziweke katika zabuni sharti la kutajiwa huo mkubwa kabisa, uliopimwa kwa saa nyingi mfululizo prosesa zote zikiwa kazini.

Mwalimu wa Hesabu,
Kondoa.