"Hapa Sisi ni Familia"

Likizo ndefu iliyopita nilifanya kazi miezi miwili na nusu kwenye kampuni moja ya dizaini hapa Dar es Salaam. Jina siliweki. Mtauliza, mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili anatafuta nini kwa watu wa logo na mabango? Nilikuwa nasahihisha maneno. Kadi za harusi, kalenda, vipeperushi, kila kitu lazima mtu akisome kabla hakijachapwa, maana kadi mia tatu zenye "hukumbi" badala ya "ukumbi" ni hasara ya mtu.

Siku ya kwanza bosi aliniambia: "Hapa hatuna wafanyakazi, hapa sisi ni familia." Nikafurahi kweli. Na mwanzoni ilikuwa hivyo. Mchana tunakula wali maharage wa mama ntilie pamoja, mhasibu tunamwita Mama, mtu akizaliwa anamwagiwa maji na kulishwa keki. Nimesoma darasa moja na watu miaka miwili bila kuzoeana hivyo.

Sasa saa moja usiku mteja anatuma ujumbe wa sauti: rangi haijampendeza, anataka kazi kesho asubuhi. Dizaina mmoja, kijana wa rika letu, alibaki hadi saa sita usiku siku nne mfululizo. Daladala zimeisha, akawa anarudi kwa bodaboda, hela yake mwenyewe. Mwisho wa mwezi akauliza habari ya ovataimu. Bosi akamjibu mbele yetu sote: "Kwani wewe kwenu ukiosha vyombo unalipwa?"

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Niliporudi hosteli nikaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Zikizidi, iwe kwa makubaliano, na kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kazi yako, saa zako na malipo yako mwajiri akupe kwa maandishi. Msidhani pale ofisini hakuna aliyejua. Dada wa mapokezi alikuwa anajua. "Najua mdogo wangu," aliniambia, "ila ukidai unaonekana una roho mbaya." Ndiyo kazi ya neno familia. Kwa mwajiri unadai haki, kwa baba unakosa adabu.

Kuna atakayesema kampuni ndogo zina hali ngumu. Ni kweli, nilimsikia bosi akiwabembeleza wateja kwenye simu wamlipe. Sio mwizi. Lakini ile kazi ya usiku ilipolipwa, familia ililetewa soda.

Naandika haya kwetu sisi wa elimu hasa, kwa sababu sisi tutaambiwa neno lingine: wito. Utaenda kujitolea shuleni ukisubiri ajira, utapewa vipindi vya walimu wawili na zamu ya wikiendi, ukiuliza posho utaulizwa kama ulikuja ualimu kwa ajili ya pesa. Wito upo, siukatai, nimekutana na walimu walionao. Ila mwenye wito naye anapanda daladala na analipa kodi ya chumba.

Serikali yetu ya wanafunzi inatupa semina za kuandika CV kila mwaka. Safi. Basi waongeze karatasi moja tu ya maswali ya kuuliza kabla ya kuanza kazi: mkataba uko wapi, natoka saa ngapi, nikibaki usiku nauli inatoka kwa nani. Kuisahihisha nitaisahihisha mimi, bure.