Msamaha wa VAT kwenye kubadilisha fedha: Mwananchi ananufaika kiasi gani?

MPAGAZI wa Akheri, wilayani Arumeru, anayeteremka mlimani na dola 200 za bakshishi, hawazi habari za Kodi ya Ongezeko la Thamani. Anachotazama ni ubao wa bei. Hata hivyo, namna sheria ya kodi inavyoutazama ubao huo ndiyo inayoweza kuamua kiasi atakachorudi nacho nyumbani.

Chukulia kwamba bei ya kati sokoni ni Sh2,430 kwa dola na duka linanunua kwa Sh2,400. Mpagazi atapokea Sh480,000, na duka litabaki na Sh6,000. Iwapo VAT ya asilimia 18 ingetozwa kwenye faida hiyo, Serikali ingepata Sh1,080. Ikitozwa kwenye fedha zote zilizobadilishwa, kodi ingefika Sh86,400, na hakuna ambaye angekanyaga tena dukani. Wote wangehamia vichochoroni.

Hapo ndipo ulipo ugumu ulioyafanya mataifa mengi kuisamehe huduma hii. Fedha haziliwi wala hazivaliwi, na malipo ya mbadilishaji hayaandikwi kwenye risiti, kwa kuwa yamejificha katika tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Mwaka 1998 Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya, katika shauri la First National Bank of Chicago, iliamua kuwa hiyo ni huduma yenye malipo, na kwamba malipo hayo ni pato halisi la miamala ya kipindi fulani. Pamoja na hayo, sheria ya Ulaya iliendelea kuisamehe. Mwaka 2015 mahakama hiyo iliupeleka msamaha huo hadi kwenye ubadilishaji wa Bitcoin.

Jirani zetu Kenya nao wameitaja miamala ya fedha za kigeni katika orodha ya misamaha ya sheria yao ya mwaka 2013. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipotaka kuiondoa, kipengele hicho kiliachwa katikati ya Juni, siku chache kabla ya Rais William Ruto kukataa kuusaini muswada mzima kufuatia maandamano.

Tanzania ilikwishaonja mjadala huu. Kuanzia Julai 2016, ada za huduma za benki ziliingizwa kwenye VAT, riba ikiachwa nje, na mara ukazuka mvutano kati ya mabenki na TRA juu ya nani aubebe mzigo. Ada huonekana. Tofauti ya bei haionekani, na mteja anayekatwa ada pamoja na kodi benki ana haki ya kuuliza kwa nini njia moja itozwe na nyingine ipite.

Aidha, msamaha si zawadi kamili kama wengi wanavyodhani. Mfanyabiashara aliyesamehewa hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye pango, ulinzi na mashine za kuhesabia noti. Gharama hiyo huishia kwenye ubao wa bei, na mpagazi wetu huilipa bila kujua.

Kwa Arusha suala hili ni zito zaidi. Novemba 2018 Benki Kuu, ikisaidiwa na askari, iliyakagua maduka ya fedha jijini humo, na mengi yakafungwa. Machi 2025 zikaja kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, hivyo mgeni wa hoteli na safari analazimika kutafuta shilingi. Kadiri wanaobadilisha wanavyoongezeka, ndivyo tofauti ya bei inavyokuwa mapato makubwa ambayo Hazina itayatamani. Ikiamua kuyafuata, la kwanza la kuuliza ni iwapo itatoza zile Sh6,000 au zile Sh480,000.