Ukitafuta mji mzuri, uliza maji na taka

Bila shaka umewahi kuiona ile orodha inayotolewa kila mwaka ya miji iliyo bora zaidi ulimwenguni kwa kuishi. Hutayarishwa na Economist Intelligence Unit ya London, na siku hizi hulinganisha miji 173. Melbourne kule Australia iliongoza miaka saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017. Vienna, mji mkuu wa Austria, ikaongoza 2022, 2023 na 2024, kisha mwaka 2025 Copenhagen ya Denmark ikaipiku. Nairobi yetu huwa huko chini, mbali na nusu ya kwanza, ingawa haijafika kwa Damascus, ambayo vita vimeifanya ivute mkia.

Ukisoma habari hiyo ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, moshi wa lori ukikuingilia dirishani, huna nguvu ya kubishana. Wanafunzi ndio hasa huchukua uamuzi papo hapo: nikimaliza masomo, naenda zangu! Lakini kabla hujatafuta pasipoti, hebu tuifungue orodha yenyewe tuone ndani mmetiwa nini.

Alama hugawanywa katika mafungu matano. Utulivu na usalama hupewa asilimia 25, utamaduni na mazingira 25, afya 20, barabara, maji, umeme na mengine ya aina hiyo 20, na elimu 10. Hadi hapo hakuna ubaya. Sasa tazama vipimo vyenyewe. Katika fungu la mazingira, mojawapo ya mambo yanayopimwa ni jinsi hali ya hewa inavyomsumbua msafiri. Katika elimu wanauliza kama shule za kibinafsi zipo na kama ni nzuri. Kodi ya nyumba na bei ya unga hazimo kabisa. Gharama ya maisha ina orodha yake nyingine.

Sababu yake si siri. Orodha za namna hii hutumiwa na kampuni kubwa zinazotuma maafisa wao ng'ambo, ili ziamue nani aongezewe marupurupu kwa kuishi mahali pagumu. Kampuni ya Mercer nayo ina orodha yake kwa kazi iyo hiyo. Swali linalojibiwa, basi, ni kama meneja aliyetoka nje ataishi kwa raha. Mama mboga hakuulizwa, wala wewe hukuulizwa. Isitoshe, Nairobi nzima hupewa alama moja, ilhali Muthaiga na Mathare zinatenganishwa na barabara ya Thika tu.

Hata hivyo, usiitupe orodha hiyo. Vienna haikufika kileleni kwa bahati, na mambo yaliyoifikisha huko hayakufanywa kwa ajili ya wageni.

Chukua maji. Mwaka 1873 Vienna ilifungua mfereji mkubwa wa kuleta maji ya chemchemi kutoka milima ya Alps, kwa sababu maji ya visima mjini yalikuwa yakileta maradhi. Mfereji wa pili ukafunguliwa 1910. Maji hayo huteremka yenyewe kutoka milimani, na hadi leo ndiyo yanayonywewa na mwenye kasri na mwenye chumba kimoja. Sisi tunaishi katika mji ambao jina lake, kwa Kimaasai, linatokana na maji baridi. Lakini maji yetu mengi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mkazi wa mtaa wa mabanda anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko yule mwenye mfereji ndani ya nyumba. Maskini ndiye ananunua maji ghali! Sijui kama kuna alama ya jambo hilo.

Au chukua nyumba. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, baraza la mji wa Vienna lilitoza kodi maalumu likajenga nyumba za wafanyakazi. Moja ya majengo hayo, Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na lilijengwa pamoja na vyumba vya kufulia na shule za chekechea. Leo karibu nusu ya wakazi wa Vienna wanaishi katika nyumba za mji au zilizojengwa kwa ruzuku.

Na taka je? Huko Spittelau, ndani ya Vienna yenyewe, kuna kiwanda kinachochoma taka na kutumia joto lake kupasha moto nyumba na hospitali kuu. Kiliungua 1987, na kilipotengenezwa upya mchoraji Hundertwasser alikipamba kwa rangi, na bomba lake la moshi likatiwa mpira wa dhahabu. Watalii hukipiga picha. Kwetu, jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na miaka mingi baadaye malori yalikuwa yangali yanamwaga. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 walioishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kinachokubalika. Risasi hudumaza akili ya mtoto. UNEP, kwa taarifa yako, ina makao yake makuu Gigiri, mji huu huu.

Kuna watakaosema Ulaya ina pesa za tangu zamani. Haya, twende Singapore. Mwaka 1977 waziri mkuu Lee Kuan Yew alitaka mto wa Singapore, uliokuwa ukinuka kwa kinyesi cha nguruwe na uchafu wa wachuuzi, uwe safi katika miaka kumi. Kufikia 1987 kazi ilikuwa imekwisha. Familia zilizokaa kando ya mto zilihamishiwa nyumba za serikali, na wachuuzi wakajengewa masoko yenye maji. Nairobi pia tuliona dalili njema marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, na bustani iliyopewa jina lake ipo hapo kando ya mto. Lakini baada ya mafuriko ya 2024, matingatinga yalifika Mathare na Mukuru kubomoa nyumba za kando ya mto, na familia zikalala nje mvua ikinyesha. Singapore ilijenga kwanza.

Tunavyo vya kujivunia pia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa Januari 1999 wakiutetea. Kasoro ni kwamba uko upande ule wa mji wenye miti tayari, na langoni kuna ada. Mtoto wa Dandora atafika kwa safari ya shule, kama karo imelipwa.

Basi ikiwa familia yako inahama mwisho wa mwezi huu, msiende kuona nyumba Jumapili mchana peke yake. Rudini jioni siku ya kazi, taka zinapochomwa, mvute hewa. Mwulizeni jirani, wala si mwenye nyumba, maji hutoka siku ngapi kwa juma. Ulizeni lori la taka huja siku gani na hupeleka wapi. Tazameni kama ploti imeupa mto nafasi. Kisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi mshikeni mtoto mkono mtembee naye hadi shuleni, mkihesabu mara mnazolazimika kuingia katika lami kwa sababu njia ya miguu imekatika.