Nuru Hutangulia, Kishindo Hufuata

Asubuhi ya tarehe 15 Februari, 2013, watu wa mji wa Chelyabinsk, katika nchi ya Urusi, waliona angani mwanga mkali kushinda jua. Ulikuwa mwanga wa kimondo, jiwe lenye upana wa mita 20 hivi, lililopasuka kiasi cha kilomita 30 juu ya ardhi. Mwanga ukapita kimya. Wengi wakaenda madirishani kutazama, na baada ya kama dakika mbili, wangali wakistaajabu, kishindo kikawafikia. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, na wengi wao hawakudhuriwa na jiwe, bali na vioo vya madirisha.

Mwanga hufika mara moja. Ama mshindo huchukuliwa na hewa, nao hukata kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mlipuko huisukuma hewa kwa ghafula, ikabanana mfano wa ukuta unaokimbia. Ukuta huo upigapo nyumba, kila kitu hupata mkazo, lakini si kila kitu huustahimili namna moja. Chuma hupindika, mbao hunepa; kioo hakina subira hiyo. Usoni pake mna mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na mkazo hukusanyika kwenye ncha za mikwaruzo hiyo, ufa ukaanzia hapo na kukimbia hata mwisho. Kisha nyuma ya msukumo huja mvuto, na kilicholegea hung'olewa. Watu wa Mbagala, Dar es Salaam, hawahitaji kusimuliwa hayo tangu ghala la silaha lilipolipuka tarehe 29 Aprili, 2009.

Huko Beirut, tarehe 4 Agosti, 2020, moto ulitangulia kuwaka bandarini, na watu wakasimama madirishani na kwenye roshani kuutazama moshi. Ndipo zikalipuka tani zipatazo 2,750 za nitrati ya amonia, chumvi itumiwayo kwa mbolea na kwa baruti. Aliyekuwa umbali wa kilomita mbili alikuwa na sekunde chache tu. Zaidi ya watu 200 walikufa. Maghala ya nafaka ya zege, yaliyokuwa ubavuni mwa moto, yalibomoka upande mmoja, lakini unene wake uliukinga kwa kiasi upande wa magharibi wa mji.

Basi mwonapo mwanga msioujua asili yake, au moto mkubwa, waondoeni watoto madirishani kabla ya kuulizana ni nini. Mwalimu mmoja wa Chelyabinsk aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya madawati. Yeye alikatwa mkono na vioo. Katika watoto wale hakuna aliyejeruhiwa.