Wingi wa maswali haufundishi fizikia

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, idara za fizikia vyuoni hukaa kuchagua kitabu cha kiada cha mwaka wa kwanza, na jibu linalotoka kikaoni huwa lilelile: jitabu la kurasa zaidi ya elfu moja, la ukoo wa Sears na Zemansky ulioanza mwaka 1949 au wa Halliday na Resnick ulioanza mwaka 1960, katika toleo lake jipya zaidi. Ni hivyo Marekani vitabu hivyo vinakoandikwa, na majina hayohayo yamo katika orodha za vitabu za vyuo vya Afrika Mashariki. Sababu inayotangulia kutajwa ni kwamba kitabu kina maswali mengi, makumi kwa makumi mwishoni mwa kila sura. Sababu hiyo ni mbovu. Inaendelea kutolewa miongo kadhaa baada ya ushahidi kuonyesha ubovu wake, na wanaobeba hasara ni vijana ambao hawakuwamo kikaoni.

Sikatai kwamba vitabu hivi vina sifa zake. Hesabu zake ni sahihi, michoro yake ni safi, mada zimepangika, na mhandisi mtarajiwa lazima azoee kukokotoa. Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili na kupendekeza mihadhara ya Richard Feynman, aliyoitoa Caltech kati ya mwaka 1961 na 1963. Ni kazi ya ajabu, lakini mwenyewe alieleza katika dibaji mashaka yake kama ilikuwa imewafaa wanafunzi. Anayeifurahia zaidi ni mtu aliyekwisha kuielewa fizikia.

Tuchukue swali moja la kawaida. Lori la tungamo la kilo 9,600, likienda mita 10 kwa sekunde, linaigonga bajaji ya kilo 400 iliyosimama, kisha vyote viwili vinasonga vikiwa vimeshikamana. Mwendokasi wao ni upi? Mwanafunzi aliyefanya mazoezi anazidisha 9,600 kwa 10, anagawanya kwa 10,000, anapata mita 9.6 kwa sekunde na alama zote. Sasa muulize jambo lisilo na namba: wakati wa kugongana, lori liliisukuma bajaji kwa kani kubwa kuliko ile ambayo bajaji ililisukuma lori? Wengi watajibu ndiyo bila kusita, kwa sababu lori ni kubwa na bajaji ndiyo iliyopondeka. Jibu hilo linavunja Sheria ya Tatu ya Newton. Kani hizo mbili ni sawasawa. Kinachotofautiana ni matokeo yake, kwa kuwa tungamo ni tofauti. Mwendokasi wa lori umepungua kwa mita 0.4 tu kwa sekunde, wa bajaji umeongezeka kwa 9.6. Zidisha kila badiliko kwa tungamo lake, na pande zote mbili utapata 3,840. Usawa wa kani ulikuwa ndani ya hesabu ileile aliyoikamilisha. Kanuni ya hifadhi ya momenta aliyoitumia inasimama juu ya sheria anayoikana. Ameitumia sheria, akapata jibu, na imani aliyoingia nayo darasani imebaki salama. Mpe maswali mengine mia ya namna hiyo na atayamaliza yote, na lori lake bado litakuwa linasukuma zaidi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la dhana ya kani, lenye maswali ya kuchagua yasiyohitaji hesabu, ambamo kila jibu lisilo sahihi limetungwa kutokana na dhana potofu ambazo wanafunzi huwa nazo kweli. Eric Mazur wa Harvard aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kuandika milinganyo ya mzunguko mgumu wa umeme, kisha wengi wakashindwa kusema mwanga wa taa ungebadilikaje swichi ikifungwa. Utafiti unaogusa moja kwa moja hoja ya wingi wa maswali ulichapishwa mwaka 2002 na Kim na Pak wa Korea Kusini. Walichunguza wanafunzi 27 wa chuo ambao kila mmoja alikuwa amefanya maswali kati ya 300 na 2,900 ya mtindo wa vitabu hivi, wastani wa 1,500 hivi. Fomula na hesabu hazikuwapa taabu. Dhana potofu za msingi zilikuwa zimebaki palepale, na idadi ya maswali aliyofanya mtu haikuwa na uhusiano wa maana na uelewa wake. Watu 27 ni wachache, nakubali. Lakini anayetetea kitabu kwa wingi wa maswali yake anadai kwamba maswali hayo huleta uelewa, na hapa kuna watu waliofanya zaidi ya elfu moja bila uelewa huo kuja.

Wengine husema mwalimu ndiye anayefundisha, kitabu ni nyongeza tu. Wanaweza hata kumtaja Richard Hake, ambaye mwaka 1998 alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62. Pale walipohadhiriwa tu, walipata wastani wa asilimia 23 ya nyongeza ya uelewa iliyowezekana. Pale waliposhirikishwa kufikiri na kujadiliana, asilimia 48. Ni kweli Hake alipima mbinu za kufundisha, hakupima vitabu. Lakini nani asiyejua kwamba kazi za wiki hutolewa mwishoni mwa sura, na mtihani hufuata kazi za wiki? Ukichagua kitabu ambacho karibu kila swali ndani yake ni la kupachika namba kwenye fomula, umekwisha amua mwanafunzi atafanya nini usiku akiwa peke yake. Mhadhiri anayesema kitabu hakina uzito, kisha akatunga mtihani wake kutoka humohumo, anakwepa wajibu. Na vitabu vilivyoandikwa kwa kuzingatia utafiti huu vipo, kikiwamo cha Randall Knight kilichotoka mwaka 2004. Kisingizio cha kukosa mbadala hakipo.

Kwa Tanzania kuna uzito wa ziada. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakabidhiwa kurasa elfu moja za Kiingereza, na anafanya ambalo yeyote angefanya: anaruka maelezo, anatafuta mfano uliokokotolewa, anaunakili. Maelezo ndiyo yangemsahihisha kuhusu lori na bajaji. Kitabu cha bure cha OpenStax, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2016 katika juzuu tatu, kina kasoro ya unene uleule, lakini leseni yake inaruhusu kukipunguza, kukiongezea na kukitafsiri. Idara inayotaka inaweza kukata nusu ya maswali yake, kuweka ya dhana, na kuandika maelezo ya sura ya kani kwa Kiswahili, bila kumwomba mchapishaji ruhusa. Kikao kijacho kianze kwa kufungua sura ya Sheria ya Tatu katika kila kitabu kilichopendekezwa na kuhesabu maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa kikokotoo.